Chumba cha Pili

Mimi ni mtu wa hasira za karibu na mdomo usio na breki, nalisema mapema usije ukanishangaa mbele. Jina langu Feliksi. Nina banda la gemu mtaa wa Gungu, mkabala na mafundi cherehani, na bodaboda yeyote ukimwambia akupeleke kwa Feli wa gemu atakushusha mlangoni. Mbele kuna televisheni mbili za vijana wa mpira, wale wa kupiga kelele mpaka mate yanaruka. Nyuma ya pazia kuna kompyuta moja, na hiyo ndiyo ya heshima. Hapo tunacheza gemu za chemsha bongo, na mimi ndiye niliyezileta Gungu, hata wanaonichukia wanakubali.

Iko gemu moja tunaiita Mifereji. Ni nyumba ya vyumba arobaini, na kila chumba kina kazi moja tu: kuyafikisha maji bustanini kwa kufungua na kufunga mabomba. Maelekezo hakuna, hata neno moja. Ukikosea, maji yanajaa, skrini inakuwa nyeusi, halafu unaanza chumba upya. Mimi ilinichukua miezi minane kuimaliza, na siku hiyo nilifunga banda nikaenda Kibirizi kula samaki peke yangu kwa furaha. Tangu hapo nikaweka sheria, nikaiandika kwa wino mzito kwenye kipande cha boksi: HAPA HAKUNA KUONYESHWA. Mgeni wa kompyuta anaanza na Mifereji, haanzi na gemu laini, na hakuna ruhusa ya kumnong'oneza. Nilikuwa nasema gemu rahisi zinalemaza akili. Nilikuwa nasema mengi siku zile.

Mwanzoni mwa Desemba akaja dada yangu Melania.

Melania ndiye aliyenilea. Mama alipofariki mimi nilikuwa darasa la kwanza, yeye la tano, na yeye ndiye aliyeacha shule. Sasa anauza mawese sokoni Kasingirima, ana meza yake na madumu yake, na hakuna mkulima wa kumuuzia mafuta yenye maji, kwa sababu anatia kidole, anasugua, anakwambia maji yamo kiasi gani. Ana mtoto mmoja, Diana, anayesoma chuo Dodoma. Baba yake Diana yuko ng'ambo ya ziwa, Kalemie, na mke mwingine, na hatumzungumzii.

Aliingia bandani saa tisa mchana, kitenge cha kazi bado kiunoni, akasimama katikati ya vijana wa mpira. Wakamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akanivuta nyuma ya pazia.

"Feli, nifundishe hiyo Mifereji yenu."

Nikacheka. "Wewe?"

"Mimi. Diana anakuja likizo tarehe kumi na tano. Mwaka jana alikuja, ananisalimia, anakula, anakimbilia kwako. Mkirudi nyumbani ni mifereji, mifereji, mpaka mnasinzia. Mimi nakaa pale kama mgeni kwenye nyumba yangu. Huyu mtoto anakua, Feli. Akimaliza chuo ataolewa au atapata kazi huko huko. Krismasi hii nataka nikae naye, niongee anachokipenda."

Alilisema bila aibu yoyote, dada yangu, kama mtu anayeomba chumvi. Mimi nikajisikia fahari! Nikaona gemu yangu imemfikia hata muuza mawese. Nikamvutia kiti.

"Sawa," nikasema, "ila sheria unaiona. Hakuna kuonyeshwa."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe. Kwani kwetu Ujiji mtu anafundishwa kuogelea kwa maneno? Si anasukumwa majini?"

"Na waliozama," akasema, "uliwauliza?"

Vijana nyuma ya pazia wakaangua kicheko. Nami nikacheka, nikampa padi ya kubonyezea mkononi, nikaondoka kwenda kumpokea mteja. Ndivyo nilivyomwanzishia.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ujinga wangu ulipo. Mtu aliyezoea gemu kuna mambo anayajua bila kujua kwamba anayajua. Anajua yule kijitu mwenye kofia pale kwenye skrini ndiye yeye. Anajua akifika ukingoni mwa picha aendelee tu kutembea, picha itasogea, kuna nafasi mbele. Anajua skrini ikiwa nyeusi hajaharibu kitu. Hayo si mafumbo. Hayo hayahitaji akili, yanahitaji mtu wa kukwambia mara moja. Dada yangu hakuwa na mtu huyo, kwa sababu mtu huyo alikuwa mimi.

Siku ya kwanza maji yalijaa, skrini ikawa nyeusi, na Melania akaruka kutoka kwenye kiti.

"Feli! Jamani, nimewaharibia mashine!"

Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, anaomba radhi kwa kila mtu, anauliza fundi yuko wapi amwite. Gasper, kijana wa bodaboda ambaye ni mwanafunzi wangu mkubwa wa Mifereji, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi nilicheka pia. Kumwambia tu "Dada, haijaharibika, ndivyo ilivyo" ilinichukua dakika nzima, kwa sababu ya kucheka.

Alirudi siku ya pili. Alikaa saa nzima kwenye ukingo wa skrini, anamgonganisha yule kijitu na mwisho wa picha, anarudi, anagonga tena. Mlango ulikuwa hatua mbili mbele, haujaonekana bado. "Hapa kuna ukuta," aliniambia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nakula karanga. Nikamjibu, "Asiyejua maana haambiwi maana." Vijana wakapiga makofi.

Siku ya tatu alivuka kwa bahati, kidole kilipoteleza. Alifurahi! Alinigeukia, macho yanang'aa, akasema, "Kumbe kuna nyumba huku!" Akaingia chumba cha pili, na hapo akakwama siku ya nne na ya tano.

Lakini hakuwa amekaa bure. Alikuwa anaangalia.

Chumba cha pili kina tangi lenye maji mekundu juu na maji meupe chini. Bustani inataka maji meupe. Kila mtu akiingia anakimbilia bomba la juu, maana ndilo kubwa, halafu yanachanganyika na unaanza kuhangaika kuyatenganisha. Mimi nilifungua na kufunga mabomba mara kumi na moja. Gasper mara kumi na nne.

Siku ya sita Melania akaweka padi mezani, akanyoosha kidole.

"Feli, njoo. Hiki chumba nimekiona. Nyinyi mnakoroga. Hii ni kama mawese yenye maji, unaacha yatulie. Usiguse la juu. Fungua lile dogo la chini kwanza, funga, ngoja, halafu fungua la pembeni, mwisho lile la kusukuma. Mimi vidole vyangu havifiki kwa wakati, ninafungua hili, kule maji yameshajaa. Nibonyezee wewe, mimi nakwambia."

Banda lilikuwa limejaa. Ilikuwa Jumamosi, hata wale wa mpira walikuwa wamesogeza pazia. Wote wananiangalia, sheria yangu iko ukutani juu ya kichwa changu.

"Hapana, Dada. Anayecheza ndiye anayebonyeza."

"Mara moja tu. Nione kama ni kweli."

"Sheria ni sheria. Nikikubonyezea wewe, kesho nitambonyezea nani? Kama huwezi, si lazima. Si kila kichwa ni cha gemu hizi."

Haki ya Mungu, hayo maneno yalinitoka mimi. Kwa dada aliyeacha darasa la tano ili mimi nifike kidato cha nne.

Melania alinyanyuka, akajifunga kitenge vizuri. Gasper akasema kwa utani, "Mama, rudi kesho bwana, utatoboa!" Yeye akatabasamu kwa adabu, akasema, "Hapana mwanangu, mimi kichwa changu ni cha mawese." Akaenda. Hata kuniaga hakusahau.

Asubuhi iliyofuata nilifungua banda mapema, kabla ya misa, hakuna mtu. Nilikuwa sijisikii vizuri, kuna kitu kinanikwaruza. Nikaketi kwenye kompyuta, nikaingia chumba cha pili, nikafanya kama alivyosema. Bomba dogo la chini. Nikafunga. Nikangoja. La pembeni. Kisha moja la mwisho kusukuma.

Maji meupe yakaingia bustanini, safi kabisa. Nimegusa mabomba mara nne tu.

Nilirudia nikidhani nimekosea kuhesabu. Mara nne tena. Miaka yote hii nimekalia ile kompyuta naitwa profesa, na njia ile sikuwahi hata kuiota. Mwanamke ambaye hajawahi kushika padi maishani mwake ameiona kwa macho matupu.

Ungedhani nilikimbia Kasingirima. Aa wapi! Nilizima mashine. Nilijiambia nitamwambia jioni. Jioni nikajiambia nitamwambia Krismasi, iwe zawadi. Ukweli ni kwamba niliona aibu, na aibu yangu ilikuwa na wivu ndani yake, naona bora niliseme. Nilikuwa na jambo moja tu duniani ninalomzidi dada yangu, na sikutaka kulitoa.

Diana akaja tarehe kumi na tano. Melania alipika ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa letu, kwa mawese, tukakaa chini kwenye mkeka, watatu. Diana, msichana mrefu anayecheka na mabega, alikuwa anasimulia mambo ya chuo, ya hosteli, ya mwalimu anayesinzia. Halafu akanigeukia.

"Mjomba, kuna rafiki yangu nataka kumfundisha Mifereji, anakata tamaa kila siku. Nimemwambia aanze na ile ya vifaranga, kama mimi. Unaikumbuka?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Ile ya vifaranga ni gemu ya kumrudishia kuku watoto wake bandani. Kifaranga kimoja, halafu viwili, halafu kuna kijito cha kuvuka. Diana alikuwa na miaka tisa, na sheria yangu ilikuwa bado. Nilimpakata, nikaweka vidole vyangu juu ya vidole vyake, nikamwonyesha ukingo wa picha, nikamwambia skrini ikizima usiogope. Miezi mitatu nilikaa naye hivyo. Nilikuwa nimesahau kabisa, au nilikuwa sitaki kukumbuka.

Melania aliacha kutafuna.

"Kumbe kuna ya vifaranga?" aliuliza.

"Ipo, mama! Rahisi sana, hata wewe ungeiweza," Diana akasema, kwa furaha, mtoto wa watu, hajui kitu.

"Hata mimi," akasema Melania. Aliniangalia mara moja tu, halafu akaniongezea mboga.

Kesho yake nilimfuata mezani kwake. Nilikuwa nimejikaza. "Dada, njoo leo nikuwekee ile ya vifaranga. Nitakaa na wewe. Nitakuonyesha kila kitu."

Alikuwa anafuta dumu. "Ile ya watoto?"

"Si ya watoto, ni ya kuanzia."

"Wewe mwenyewe ulisema mbele za watu ni za kulemaza akili. Feli, mtu ukishamwambia kichwa chake hakifai, huwezi kumrudisha chekechea ukadhani atashukuru. Ungenipa kwanza, ningecheza, ningefurahi. Sasa hivi nitaona unanihurumia." Akapunguza sauti. "Sina hasira. Acha tu. Nyie chezeni."

Hapo ndipo nilipaswa kumwambia habari ya mara nne. Nilifungua mdomo, mteja akaja na chupa yake, nikaufunga. Usinitetee, mteja aliondoka na mimi nilikuwa bado nimesimama pale.

Likizo ikapita. Diana alikuja bandani kila alasiri, tunacheza, tunabishana, na jioni tunakwenda nyumbani kwa Melania tukiwa bado tunabishana. Melania anapakua, anauliza kama chumvi imekolea, halafu ana kazi jikoni, halafu kichwa kinamuuma, halafu ana jumuiya ya kanisa. Krismasi yenyewe alikaa nasi mpaka pilau ilipoisha. Diana alipoanza kueleza jambo la gemu alimsikiliza kidogo, akasema, "Mimi na hayo mambo wapi na wapi," akanyanyuka na sahani. Mara mbili nilimwona Diana akimwangalia mama yake akiondoka, kisha anarudisha macho kwangu, anaendelea, lakini sauti imepungua.

Alipokuwa anaondoka nilimsindikiza stesheni asubuhi mimi peke yangu. Melania alimuaga nyumbani, akamfungia dagaa na chupa mbili za mawese, akasema ana mzigo unaingia kutoka Mwandiga. Tulikaa kwenye benchi na mabegi. 

"Mjomba, nikuulize. Mama nimemkosea nini?"

"Hujamkosea."

"Hataki kukaa na mimi. Nilikuwa nimepanga likizo hii nikae naye, hata hizo gemu nilikuwa nakuja kwako kwa sababu yeye ananikimbia. Nikiingia jikoni anatoka. Nimemuomba anisindikize, kasema mzigo. Mzigo, Mjomba! Labda ananiona nimekuwa wa chuo, najidai. Au kanichoka." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Pasaka sidhani kama nitakuja. Nimepata sehemu ya kufanya mazoezi ya kazi Mwanza, nitaunganisha huko moja kwa moja kutoka chuo."

Nilimwambia nini? Nilimwambia mama yako anakupenda, mambo ya kumwambia mtoto. Treni ikapiga honi, nikampandishia mabegi, akanipungia dirishani mpaka behewa likakata kona.

Sikurudi bandani. Nilibaki kwenye lile benchi mpaka adhuhuri, kisha nikachukua bodaboda mpaka Kasingirima, nikamkuta Melania anamimina mawese kutoka dumu kwenda kwenye chupa, kando yake Rozalia wa mihogo.

"Ameondoka salama?"

"Salama. Dada, nina neno. Siku ile, chumba cha pili. Ulichosema kuhusu bomba la chini ni kweli. Nilijaribu. Kufungua na kufunga mara nne tu. Mimi nilitumia kumi na moja."

Aliinua uso. Kwanza alikunja macho kuona kama namtania, halafu uso wote ukafunguka. Sijamwona hivyo tangu tukiwa wadogo.

"Kweli, Feli?"

"Haki ya Mungu."

"Rozalia! Umesikia? Nimemshinda profesa wa Gungu! Nilisema mimi, yaache yatulie!" Alicheka, akapiga mikono pajani, mafuta yakamchuruzika vidoleni. "Loh! Mara nne! Ningempigia Diana sasa hivi nimwambie... Umejaribu lini, leo asubuhi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nimeliwaza hilo mara nyingi. Lakini nilikuwa nimechoka na mimi mwenyewe.

"Kesho yake. Ile Jumapili."

Kicheko kilimtoka taratibu. Aliweka dumu chini, akalifunika vizuri, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Jumapili ipi? Diana alikuwa bado hajafika."

"Bado."

"Kwa hiyo amefika, amekaa siku zote hizi, mimi najificha jikoni nisiwaaibishe na ujinga wangu. Na wewe unajua."

"Najua."

Nikamwambia na yale ya stesheni, yote, mpaka ya Pasaka. Rozalia aliinama akawa anapanga mihogo ambayo ilikuwa imeshapangwa. Melania alichukua simu yake mezani, akaiangalia, akairudisha.

"Mpigie," nikasema. "Mwambie."

"Nimwambie nini kwenye simu? Kwamba nilimkimbia kwa sababu ya mabomba?"

 Akaja mama mmoja na chupa tupu, akasalimia, akasema anataka ya leo. Melania aliipokea ile chupa, akaishika tu.

"Treni itakuwa imefika wapi saa hizi?" aliniuliza.

"Uvinza," nikasema. "Au imeshapita."

Alitikisa kichwa, akachukua dumu, akaanza kummiminia yule mama mafuta yake.